Upanga wa kale wa Kijapani umeharibika: kuunoa, kuufungua dirisha au kuuacha?

Kuna panga mbili za Kijapani ambazo ningependa kila mwenye upanga ulioharibika azijue kabla hajampigia fundi simu. Zote mbili zilifuliwa katika karne ya 13, zote ziliungua, na zote zimetunzwa na ukoo mmoja, Tokugawa, ila katika matawi tofauti. Mmoja ulirudishwa motoni ukatiwa makali upya. Mwingine umeachwa mweusi hadi leo, vile vile ulivyotolewa kwenye majivu.

Wa kwanza unaitwa Namazuo Toshiro, kazi ya Yoshimitsu wa Awataguchi, Kyoto. Ngome ya Osaka ilipoanguka mwaka 1615, hazina ya panga za ukoo wa Toyotomi iliteketea, na huu ukiwemo. Tokugawa Ieyasu, mshindi wa vita ile, alimpa mfua panga Yasutsugu wa Echizen kazi ya kuutia moto upya. Leo uko katika Jumba la Sanaa la Tokugawa mjini Nagoya. Wa pili ni Shokudaikiri Mitsutada, uliofuliwa na Mitsutada wa Osafune, jimbo la Bizen. Uliwahi kuwa wa Date Masamune, mtawala wa kivita wa zama zile, kisha ukaingia kwa Tokugawa wa Mito. Tetemeko la Kanto la Septemba 1, 1923 liliwasha Tokyo moto, upanga ukaungua, na dhahabu ya pete inayokaa pale bapa linapokutana na mpini ikayeyuka na kugandia chumani. Sasa uko katika jumba la makumbusho la Tokugawa mjini Mito, ukiwa katika hali hiyo hiyo, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuuona. Wenyewe walipotaka kuonyesha sura yake ya zamani, walimwomba mfua panga wa leo afue mwingine mpya wa kuufananisha.

Huu wa pili unanigusa kwa namna yake, mimi mzaliwa wa Wete. Mafundi wa Osafune walisifika kwa ukungu mweupe unaopita kando ya makali, wenye vichwa vichwa mithili ya karafuu zilizopangwa mstari. Wajapani wenyewe huuita *choji*, yaani karafuu. Nani alifanya sawa, basi: aliyeutia upanga wake moto upya, au aliyeuacha na weusi wake?

Swali hili limenikaa kwa sababu kabatini kwangu kuna wakizashi, upanga mfupi wa sentimita 45 uliojaa kutu, nilioupata mnadani hapa Uingereza. Nauweka wazi msimamo wangu mapema. Chuma kikishaondolewa hakirudi, kwa hiyo anza na njia itakayokuachia nafasi ya kubadili nia kesho. Ila si kila upanga ni wa kuachwa, maana kutu nayo hailali.

Kunoa kwa Wajapani ni nini hasa

Sisi tukisema kunoa, tunafikiria makali. Kwa *togishi*, fundi wa kunoa panga, makali ni sehemu ndogo ya kazi. Mafunzo yake kwa bwana wake huchukua miaka kumi hivi. Anakaa chini kabisa, jiwe limebanwa mbele yake kwa mguu, na upanga ndio unaokwenda na kurudi juu ya jiwe lenye maji. Huanza na mawe ya kukwaruza yanayorekebisha umbo, kisha laini zaidi, kisha laini zaidi ya hayo, mpaka kufikia vipande vya jiwe vyembamba kama ukucha anavyovisugua kwa kidole gumba. Baadhi ya mawe hayo ya mwisho, yaitwayo *uchigumori*, ni ya kuchimbwa karibu na Kyoto.

Kazi yote hiyo ni ya kukifanya chuma kionekane. Shika upanga ulionolewa vizuri chini ya taa moja, uinamishe kidogo kidogo. Kwanza huoni kitu. Kisha, kwenye pembe moja tu, bapa linafunguka: mishipa kama ya ubao wa msaji, alama ya chuma kilichokunjwa na kufuliwa mara nyingi, na kando ya makali ule ukungu mweupe uitwao *hamon*, wenye chembe zinazometa kama umande. Ukungu huo ndio mpaka kati ya chuma kilichozimwa majini kikawa kigumu na kile kilichobaki laini. Haukuchorwa, umo ndani ya chuma chenyewe.

Tatizo ni kwamba panga nyingi zina ngozi ya chuma kigumu iliyofunika kiini laini. Kila ukipita kwenye mawe, ngozi inapungua. Upanga wa miaka mia nne umeshanolewa mara nyingi, na siku kiini kinapochungulia, kwa viraka vya kijivu visivyo na mishipa, Wajapani husema upanga umechoka. Uchovu huo hauna dawa.

Kwanza ujue umeshika nini

Usilipie chochote kabla hujaufungua mpini. Kuna kijiti cha mwanzi kinachoushikilia. Kisukume taratibu, mpini utoke, utazame msuka, yaani ile sehemu iliyokuwa imejificha ndani. Hapo utakuta kutu nyeusi au ya kahawa iliyokolea, pengine na saini. Kutu hiyo usiiguse kwa brashi, msasa wala kemikali yoyote. Ni kwa rangi yake na jinsi ilivyokaa wajuzi wanapokadiria umri, na msuka uliosuguliwa ukang'aa umepoteza ushahidi wake na sehemu kubwa ya thamani yake. Saini nayo isikupe furaha ya haraka. Saini za uongo zilianza kuchongwa karne nyingi zilizopita, kwa majina yale yale makubwa ambayo kila mnunuzi angependa kuyaona.

Kama msuka una muhuri mdogo wa jeshi au wa viwanda vya enzi ya Showa (1926 hadi 1989), kama bapa lina namba ya mfululizo, kama chuma ni cha rangi moja tu bila mishipa, huenda una upanga wa kijeshi wa Vita vya Pili. Aina ya 95 ya askari wa vyeo vya chini ndiyo rahisi kuitambua: hata mpini wake, mara nyingi wa aluminiamu, umepakwa rangi ufanane na wa kufungwa kwa uzi. Huo usiunoe. Kunoa kutakugharimu kuliko upanga wenyewe, na chini yake hakuna sanaa iliyofichwa. Upake mafuta, utunze kama kumbukumbu ya vita. Wala usiupeleke Japani, kwa sababu sheria ya kule inasajili panga zilizofuliwa kwa njia ya asili tu, na uliotoka kiwandani huchukuliwa usirudi.

Lakini usiuhukumu upanga kwa mavazi yake. Maofisa wengi wa Kijapani walikwenda vitani na panga za babu zao zilizovishwa mpini na ala za kijeshi. Baada ya 1945 nyingi zilisalimishwa kule kule Burma, Malaya na Singapore, zikaletwa Uingereza ndani ya masanduku ya wanajeshi. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nao walipigana Burma mwaka 1944, kwa hiyo vita vile si hadithi ya mbali kwetu. Ukikuta kibao cha mbao kimefungwa mpinini kikiwa na maandishi ya Kijapani, kiache pale pale. Mara nyingi kina jina la aliyeusalimisha.

Kasoro zinazotibika na zisizotibika

Kutu ya juu, mikwaruzo, mapengo ya milimita moja mbili kwenye makali, mpini uliooza, ala iliyopasuka: yote haya fundi anayamudu. Ncha iliyovunjika inategemea. Ukungu wa hamon ukiwa bado unazunguka nchani baada ya kuichonga upya, upanga umepona. Ukiwa umeishia hewani, ncha hiyo haina tena chuma kigumu na kasoro yake ni kubwa. Malengelenge, yaani mifuko midogo ndani ya chuma ambayo hupasuka ngozi ikipungua, huudhi macho lakini hayaui upanga.

Kinachoua ni *hagire*. Huo ni ufa mwembamba kama unywele, unaokata makali kwa kusimama kuelekea mgongoni. Tumezoea kuambiana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauzibiki. Hakuna jiwe la kuuondoa, na upanga wenye hagire hauna thamani ya kulipia kunoa, hata kama umbo lake linapendeza. Utafute kwa taa kali na lenzi, polepole, makali yote kutoka chini hadi nchani. Nimeona watu wakitazama kutu saa nzima na kuupita ufa kwa dakika moja.

Kisha kuna moto. Upanga uliopita kwenye moto wa nyumba umepoteza ugumu wa makali yake, na hamon imefutika. Unaweza kutiwa moto upya na kuzimwa majini kama alivyofanya Yasutsugu, lakini unaopata ni kazi ya mikono miwili: umbo la fundi wa kwanza, hamon ya fundi wa pili. Mpindo unaweza kubadilika, chuma kinaweza kupasuka ndani ya maji, na upanga ukitoka salama bei yake huwa sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Kwa kawaida hata vyeti vya thamani hunyimwa, isipokuwa panga zenye historia nzito.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya Nagoya na Mito. Mwaka 1615 upanga bado ulikuwa silaha na alama ya utawala. Ieyasu alihitaji panga zenye makali na jina. Mwaka 1923 hakuna aliyekwenda kupigana na Shokudaikiri. Kwa enzi yetu nasimama na Mito bila kusita. Upanga ulioungua unasema kweli yake yote, na ukitaka kuuona ulivyokuwa, mfua panga aliye hai akufulie mwingine.

Njia tatu zikiwekwa bega kwa bega

Kuutia moto upya nimeshakuondoa. Zinabaki njia tatu ambazo mtu wa kawaida kweli anachagua kati yake. Hiyo ya katikati watu wengi hawaijui: fundi ananoa sehemu ndogo tu, sentimita chache, ili muone kilichopo chini ya kutu. Wajapani wenyewe husema kufungua dirisha.

| | Kuuacha na kuutunza | Kufungua dirisha | Kunoa wote |
|---|---|---|---|
| Chuma kinachopotea | Hakuna, kutu ikidhibitiwa | Kidogo, mahali pamoja | Upanga mzima unapungua |
| Gharama | Mafuta na kitambaa laini | Ya kuvumilika | Mara nyingi dola 100 na zaidi kwa kila inchi, kisha ala mpya |
| Muda | Leo leo | Hutegemea foleni ya fundi | Mwaka au zaidi si ajabu |
| Utakachojua | Ulichojua jana | Hamon ipo au haipo, chuma kikoje | Kila kitu, na kasoro zilizofichwa na kutu |
| Kubadili nia | Wakati wowote | Bado inawezekana | Hapana |

Mstari wa gharama unahitaji neno zaidi. Upanga ulionolewa haurudishwi kwenye ala yake ya zamani, kwa sababu ndani yake mna vumbi, mafuta yaliyoganda na kutu ya zamani, na kazi ya mwaka mzima itakwaruzika siku ya kwanza. Unahitaji *shirasaya*, ala nyeupe ya mbao ya honoki, iliyogundishwa kwa gundi ya wali ili siku moja iweze kupasuliwa katikati, isafishwe na kuunganishwa tena. Pengine na pete mpya ya shaba. Hayo ni mamia mengine ya dola. Kwa wakizashi ya kawaida isiyo na saini, ukijumlisha yote, mara nyingi utakuwa umetoa pesa nyingi kuliko utakazopata ukiuza. Ukinoa, noa kwa sababu unautaka upanga ule. Biashara haimo humo.

Tanto niliyoiharibu

Ninayasema haya kwa sababu nilishakosea. Kabla ya wakizashi hii nilikuwa na tanto, kisu cha sentimita 26, chenye kutu ya rangi ya kahawa na pengo moja dogo. Nikampelekea mnoaji wa visu vya jikoni katika mji ninaoishi, mtu mwema, mwenye wateja wengi. Alikigusisha kwenye jiwe la umeme, cheche zikaruka, na ndani ya dakika kumi kikawa kinang'aa kama kijiko. Nikafurahi mpaka nilipofika nyumbani na kukitazama chini ya taa. Karibu na ncha makali yalikuwa na doa la samawati. Rangi hiyo hutokea chuma kikifika karibu nyuzi 300, na ugumu wa makali ulikuwa umeanza kutoka pamoja na joto lile. Bapa lilikuwa na mawimbi, kama bati lililokanyagwa. Pengo lilikwisha, na hamon ya nchani nayo ikaisha.

Baadaye nilimwonyesha fundi aliyejifunza Japani. Alikigeuza mara mbili tatu, akakifuta, akanirudishia kwa mikono miwili bila kusema bei.

Kwa hiyo njia ya nne, yaani msasa, tupa, jiwe la umeme au dawa ya kung'arisha shaba, haimo kwenye jedwali langu. Kutu ya miaka hamsini inaharibu upanga taratibu. Mimi niliharibu changu kwa dakika kumi.

Japani au karibu na nyumbani

Kama umeamua kunoa, swali linalofuata ni nani. Mafundi waliojifunza kwa mabwana wa Kijapani wapo nje ya Japani, Ulaya na Marekani, lakini ni wachache. Muulize alijifunza kwa nani na kwa miaka mingapi, kisha omba kuona panga alizonoa, kwa mkono wako, kwa taa yako. Asiyeweza kujibu hayo mawili usimpe. Jihadhari zaidi na anayekuahidi hamon nyeupe inayoonekana wazi kutoka upande wa pili wa chumba. Tindikali inaweza kuchora ukungu wa uongo juu ya chuma chochote.

Kuupeleka Japani kuna faida moja kubwa: mbali na mafundi bora, chama cha Kijapani cha kuhifadhi panga za sanaa, NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948, hukagua panga kule na kutoa vyeti vya ngazi nne, kuanzia Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo hadi Tokubetsu Juyo. Lakini upanga ukiingia lazima utangazwe, upite polisi, ukaguliwe na kusajiliwa, na kutoka kwake kunahitaji kibali cha idara ya utamaduni. Watu wengi hutumia wakala anayejua njia hizo. Kwa upanga wenye saini inayoelekea kuwa ya kweli au umbo la karne za kale, usumbufu huo unalipa. Kwa upanga kama wangu, hapana.

Nilichoamua

Wakizashi yangu nilimpelekea yule yule aliyenirudishia tanto. Tulikubaliana dirisha la sentimita sita, katikati ya bapa, upande mmoja. Iliporudi, ndani ya kile kidirisha palikuwa na hamon iliyonyooka, tulivu, na juu yake mishipa ya chuma iliyolegea kidogo, dalili kwamba imeshanolewa sana huko nyuma. Hakuna ufa alioupata. Akaniambia upanga unaweza kubeba kunolewa mara moja zaidi, pengine mbili, na kwamba hakuna haraka.

Nimeuacha. Mwenye kuja baada yangu, akiwa na pesa na sababu kubwa kuliko zangu, atakuta chuma bado kipo. Kazi yangu ni kuizuia kutu isonge mbele, na kazi hiyo ni ndogo: siwashi jiko la mvuke karibu nao, sigusi bapa kwa vidole, na kila baada ya miezi michache naufungua, nafuta mafuta ya zamani kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo na kupaka mapya, tabaka jembamba tu. Unga wa jiwe unaouzwa kwenye vijisanduku vya zawadi siutumii, maana unakwaruza.

Mafuta yenyewe ni *choji abura*. Siku hizi ni mafuta ya madini kwa sehemu kubwa, yakiwa na tone la karafuu. Nikifungua kile kichupa, chumba kizima kinanuka kama majamvi ya Wete wakati wa mavuno, karafuu zikianikwa juani, na chini ya harufu hiyo, kando ya dirisha la sentimita sita, kutu ya rangi ya kahawa haijasogea.